Tangazo Lililowahi Basi

Redio yetu ilipoanza pale Iringa mjini, tulikuwa watu wachache kwenye vyumba viwili juu ya duka la mbao, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vipindi vya siku. Nasema nilipewa, maana sikuiomba. Mimi niliomba kusoma taarifa ya habari. Mwenye redio, mzee aliyepata mali yake kwa mbao za Mafinga, alinisikiliza nikisoma, akatikisa kichwa, akasema sauti yangu ina hasira. "Hata ukisoma bei ya mahindi, binti yangu, mtu anaona kama unamgombeza. Wewe kaa na ratiba." Nikakaa na ratiba. Na kama siku ile sikuwa na hasira, ratiba ilinipa.

Siku hizi vijana wa redio wana kompyuta inayojipangia nyimbo na matangazo, wao wanakunywa soda. Sisi tulikuwa na kanda, saa ya ukutani, na kuta zilizobandikwa trei za mayai ili sauti isivume. Umeme ukikatika, tunakimbilia jenereta. Jenereta ikigoma, tunashuka chini kumwomba fundi wa dukani aache kuranda mbao kwanza atutengenezee.

Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi kwa sala na wimbo wa kwaya, na ugomvi wa siku ulianzia hapo hapo. Kila kwaya ya mji ule ilituletea kanda yake. Walutheri walikuwa wanahesabu nyimbo zao, Wakatoliki wanahesabu za kwao, na wote walikuja kwangu. "Dada, wenzetu jana wamepigwa mara mbili." Nikaweka zamu, leo hawa, kesho wale. Nikadhani nimepumzika. Ikaja kwaya nyingine ambayo wimbo wao mmoja ulimaliza muda wa sala, ukala habari zote, na bado walikuwa hawajafika kiitikio cha mwisho. Ukiukata katikati, unaambiwa umemkata Roho Mtakatifu. Jamani!

Kipindi cha kilimo kilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Bwana shamba alikuwa anafika saa tatu, buti zimejaa matope, anasalimia "kamwene" kwa furaha tele kama vile hajachelewa. Nikimgombeza ananiambia, "Sasa dada, saa moja na nusu wakulima wako wapi? Si wako shambani? Nani atanisikiliza?" Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana aliniudhi zaidi. Nikakihamishia jioni. Jioni akawa hatokei kabisa, eti amechoka na shamba.

Halafu salamu. Wee, acha tu. Mtangazaji wetu wa salamu alikuwa kijana mwenye sauti tamu kuliko asali, na macho ambayo hayajawahi kuiona saa ya ukutani. Kila kadi ilikuwa na watu wa kusalimiwa, kuanzia baba mzazi mpaka "wote wanaonifahamu", na mwisho kuna ujumbe. Yeye alikuwa anasoma, anacheka, anarudia jina lililomfurahisha, anaomba radhi kwa jina lililomshinda, na habari za saa nne zinasomwa saa nne na nusu. Nikimwonyesha ratiba ananiambia, "Dada, watu wanasalimiana, utawakatisha vipi?" Mama mmoja wa Kihesa alipanda ngazi zetu na kapu lake la mboga kulalamika kwamba kadi yake ilisomwa haraka haraka wakati ya jirani yake ilisomwa polepole. Alitaka irudiwe. Na kijana akairudia, papo hapo, mama mwenyewe amekaa pembeni anaitikia kwa kichwa.

Kitu kimoja tu hakuna aliyethubutu kukichezea, matangazo ya vifo. Hayo yalisomwa kwa dakika yake, saa saba mchana, yakarudiwa saa kumi na mbili jioni, na mara ya mwisho kesho yake saa moja asubuhi. Ule wimbo wa maombolezo ukianza, mji mzima unapunguza sauti. Simu za mkononi zilikuwepo mjini, lakini vijijini ilikuwa bahati nasibu, kwa hiyo redio ndiyo iliyowakusanya ndugu. Ilifika mahali mtu akifiwa, majirani wanauliza kwanza, "Imeshatangazwa?" Kama bado, wanakuja kukaa tu. Kilio chenyewe kinasubiri redio.

Sasa watu walikuwa wanaleta matangazo hata msomaji akiwa tayari yuko kwenye kipaza sauti. Wanamgongea kioo. Nikaweka sheria. Tangazo la kifo liletwe kwa mkono, si kwa simu, kabla ya saa nne asubuhi, likichelewa linasomwa kesho. Niliisimamia sheria ile kwa sababu ndiyo pekee waliyoitii. Watu wa Idodi walinung'unika sana. Basi lao lilikuwa moja, linaondoka kijijini alfajiri, linaingia mjini kwenye saa tatu, linageuza mchana. Ukifiwa Idodi baada ya basi kuondoka, tangazo lako litapanda basi la kesho, litasomwa kesho mchana, na wakati huo joto la kule halikuruhusu maiti isubiri. Walinieleza. Nikawaambia sheria ni sheria. Sikujua kwamba mtu aliyenielewa vizuri kuliko wote alikuwa baba yangu mdogo.

Idodi ndiko alikokuwa anaishi bibi yangu, mama yake baba. Baba yangu ni mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka mingi alikuwa hajakanyaga uwanja ule. Alioa Mbeya, akapewa shamba la viazi milimani na wakwe zake, akabaki huko. Siku ya matanga ya babu, bibi alimwambia mbele ya watu wote kwamba amegeuka mtoto wa wakwe, hana tena kazi katika nyumba ile. Baba akachukua koti lake akaondoka. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa mjumbe. Bibi akiniona anasema, "Mwambie baba yako aje nimwone." Nikienda Mbeya likizo, namwambia. Naye kila mara ananijibu neno lile lile, bila hata kuinua macho kutoka kwenye viazi vyake.

"Mwambie nitakuja kumzika."

Hebu fikiria uko katikati ya watu wawili wa namna hiyo. Bibi hataki kusema alikosea, baba hataki kusikia kitu kingine. Wote wawili wananipenda, wote wawili wananichosha. Bibi alikuwa anazeeka, na alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kimoja tu, amwone mwanawe kwa macho yake akiwa bado yupo.

Basi bibi akaanza kuumwa, wiki nyingi hainuki kitandani, mpaka akazidiwa. Nikapata ujumbe, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la mchana kwenda Idodi. Nilimkuta amelala, hafumbui macho, hajibu. Nesi wa zahanati alipita jioni, akamshika mkono, akamwangalia, kisha akatutazama sisi. "Mjiandae," akasema.

Hilo neno alipaswa kuliangalia kabla ya kulisema mbele ya baba mdogo. Baba mdogo ni mtu wa kujiandaa. Aliwahi kuwanunulia wanawe sare za shule mwaka mzima kabla, shule ilipofunguliwa hazikuwaingia. Mvua zikichelewa yeye ameshapanda, mbegu zinaoza. Ana moyo safi kabisa, na ndiyo maana huwezi kumpiga. Alfajiri iliyofuata aliniambia, "Nakwenda mjini kufuata dawa," akapanda basi. Nikamwona mtu wa maana sana.

Jua lilipopanda, bibi akafumbua macho.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ndivyo alivyokuwa ananiita tangu nikiwa mdogo, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu. "Mbona umenikodolea macho hivyo? Uji uko wapi?"

Nilipika uji wa ulezi mbio mbio kwa furaha. Akanywa nusu kikombe. Akapumzika, akamaliza. Nikamwegemeza kwenye mto, nikamsuka nywele zilizokuwa zimetimka, akaniambia nimwashie redio asikie kazi ya mjukuu wake. Tukasikiliza salamu, ambazo zilikuwa zimepita muda wake, nikaanza kuguna, bibi akaniambia niache gubu. Saa saba kamili ukaingia wimbo wa maombolezo. Kijana wa salamu ndiye aliyekuwa zamu. Akasoma la kwanza, la mtu wa Mlandege. Akasoma la pili. Akalitaja jina la bibi yangu, jina lake lote, la ubatizo na la ukoo.

Sikuelewa. Nilidhani kuna mtu mwingine mwenye jina hilo. Lakini kijana akaendelea, Idodi, karibu na zahanati, habari ziwafikie mwanawe mkubwa aliyeko Mbeya, binti yake aliyeko Ruaha Mbuyuni, na wajukuu wote popote walipo, mazishi ni kesho saa nane mchana. Hata saa ya mazishi ilikuwepo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mimi huyo?" akauliza.

"Bibi..."

"Nimeuliza, ni mimi?"

"Ni wewe, bibi."

"Amesoma vizuri. Ana huruma yule kijana." Halafu akanyoosha kikombe. "Niongezee."

Nilikuwa sijafika jikoni nikasikia yowe la kwanza nje. Jirani wa kwanza ameshaingia uwanjani, mikono kichwani. Nyuma yake wa pili, wa tatu, wengine na kuni vichwani, wengine na unga. Nikatoka mbio kuwaambia, "Mzima! Bibi mzima! Anakunywa uji!" Hawakuniamini. Walisema nimechanganyikiwa kwa uchungu, wakanishika mabega, wakaniketisha chini. Ikabidi waingie wenyewe wamwone. Waliingia wanalia, wakatoka wameziba midomo. Sasa mtu mwenye akili zake angerudi kwake, sivyo? Thubutu! Walikaa. Walisema wameshafika, kuni zimeshafika, na unga ukishaingia kwenye nyumba ya msiba haurudishwi nyumbani, ni mkosi. Wakawasha moto, wakabandika sufuria. Mtani mmoja wa ukoo akaja kulala kizingitini, kama watani wanavyofanya msibani, akisema maiti haitoki mpaka apewe jogoo. Bibi akamjibu kutoka ndani, "Nikitoka hapa nitakukanyaga." Uwanja mzima ukacheka. Nilitamani kulia.

Mtandao wa simu ulikuwa unapatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya zahanati. Nikapanda jiwe lile na viatu vyangu vya mjini, nikampigia baba kwanza. Haipatikani. Nikampigia tena. Haipatikani. Nikapiga studio.

"Pole sana dada kwa msiba," kijana akaanza.

"Msiba gani? Bibi yangu anakunywa uji!"

Nikasikia wimbo wa mapenzi unapiga nyuma yake, kwa sababu baada ya vifo yeye huwa anaona watu wachangamshwe. "Lakini tangazo ameleta baba yako mdogo mwenyewe," akasema, "kabla ya saa nne, kama ulivyoagiza wewe."

"Na hukushangaa kwamba mimi mwenyewe sikukupigia?"

"Nilijua uko kwenye uchungu."

"Sahihisha. Sasa hivi."

"Sahihisho nitaliweka wapi, dada? Kwenye ratiba hakuna nafasi ya mtu aliyefufuka."

Miezi yote ile nilikuwa namsihi aifuate ratiba, na siku hiyo ndiyo aliyoichagua. Tukabishana mpaka salio langu likakaribia kwisha. Mwishowe akaenda kumuuliza mwenye redio, na mzee, baada ya kulalamika kwamba sasa watu watasema redio yake inazika walio hai, akakubali sahihisho lisomwe saa kumi na mbili jioni mahali pa tangazo. Nikashuka jiwe nimechubuka goti.

Basi la mchana likamleta baba mdogo. Alishuka na sukari, majani ya chai, na shuka nyeupe mpya imefungwa kwenye gazeti. Akaona uwanja umejaa, akavua kofia, akaanza kulia. Nikamfuata nikamshika mkono nikampeleka mpaka dirishani. Bibi alikuwa amekaa kitandani anachambua mboga.

"Kwani hajafa?" akauliza. Nusura nimwangushe na shuka yake.

"Baba mdogo, umetangaza mtu aliye hai!"

"Sasa wewe ulitaka nifanyeje?" Na akanieleza pale pale, kwa utulivu, kama bwana shamba anavyoeleza mbolea. Nesi kasema tujiandae. Mama akifa saa tano, basi limeshaondoka. Tangazo linapanda basi la kesho, linasomwa kesho mchana, na kesho mchana ndiyo tunazika. Dada yake wa Ruaha Mbuyuni angefika saa ngapi? Kaka yake wa Mbeya angefika saa ngapi? "Nikahesabu, nikaona niwahi. Kama ratiba yenu isingekuwa na roho mbaya, nisingewahi."

Nikampokea sukari na majani ya chai, nikaviweka chini.

"Na baba yangu?" nikauliza. "Umemwambia?"

"Nilimpigia nikiwa mjini. Sikumwambia mama amekufa, mimi si mwongo. Nilimwambia tangazo limeshafika redioni." Akajifuta uso. "Alilia, mwanangu. Sijamsikia kaka akilia tangu utoto. Amesema anakodi pikapu, anapitia kununua jeneza, anakuja. Yuko njiani."

Nikageuka kurudi kwenye jiwe. Nilitaka kupiga simu hiyo ya baba mpaka ipatikane. Ndipo bibi akaniita kutoka ndani. Masikio yake yalikuwa hayana ugonjwa hata kidogo.

"Anakuja?" akauliza.

"Anakuja kukuzika, bibi."

"Najua anakuja kufanya nini." Mboga aliyokuwa anaichambua aliiweka chini. "Wewe unamjua kuliko mimi sasa. Akisikia njiani kwamba mimi mzima, atageuza gari?"

Nilimfikiria baba. Nilifikiria Igawa, Makambako, Mafinga, mahali pote ambapo dereva anaweza kupunguza mwendo akakata kona akarudi alikotoka. Nilifikiria alivyokuwa ananijibu bila kuinua macho. Na nilijua kuanzia Mafinga redio yetu inasikika vizuri sana.

"Atageuza," nikasema.

"Basi waache wasome tena."

"Bibi! Haiwezekani. Redio haiwezi kusema kitu ambacho si kweli."

"Nani kasema si kweli?" akasema bibi. "Mimi ni mzee na ninaumwa. Wamewahi kidogo tu."

Nilikasirika. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba kama angesema neno moja la pole miaka yote ile, nisingekuwa nimepanda mabasi kwenda na kurudi na maneno yao kama mfuko wa viazi. Nilimwambia nimechoka naye, na nimechoka na mwanawe, na nimechoka na redio. Alinisikiliza kama alivyolisikiliza tangazo lake. Nilipomaliza akasema, "Sasa nenda kapige simu, mke mwenzangu, jua linashuka." Nikaona ameichukua tena ile mboga, mabua anaweka, majani anatupa. Alikuwa anaogopa, bibi yangu, na hakuwa anaogopa kufa.

Nikapanda jiwe tena, nalia kwa hasira, watoto wa zahanati wananitazama. Nikamwambia kijana aache sahihisho, alisome tangazo kama lilivyo.

"Dada," akasema, "mara kafufuka, mara kafa. Amua."

"Soma!"

Akasoma. Sote tulikuwa uwanjani tunasikiliza, na tangazo lilipokwisha wanawake wakalia tena, wengine kwa bidii kuliko mchana. Bibi alikuwa amekaa kitandani, kichwa dirishani, anawapima. "Yule analia vizuri," akaninong'oneza. "Yule mwingine anaangalia sufuria."

Asubuhi yake pikapu ilifika na vumbi lake, jeneza limefungwa nyuma kwa kamba. Baba alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, macho yamevimba. Hakuna aliyejua afanye nini. Watu wote wale walijua isipokuwa yeye, na kwa aibu tu wanawake wakaanza kulia, baba mdogo naye akalia. Hata mtani aliinuka kizingitini akampisha.

Baba alipiga magoti mlangoni, hakuingia. "Mama," akasema. "Mimi ndiye mkubwa na nimefika wa mwisho. Nilikuwa nangoja uniite. Ungeniita tu, mama, ningekuja."

Uongo mtupu! Nilimpelekea wito mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, likizo baada ya likizo. Nilikuwa karibu kupiga kelele, lakini sauti ya ndani ikanitangulia.

"Nilikuita," ikasema. "Endelea, nakusikiliza."

Baba alisimama. Aliutazama mlango, akautazama umati, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika rangi.

"Hii ni kazi ya redio yako?"

"Ni kazi yenu!" nikamjibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpigia kelele baba yangu mzazi mbele za watu. "Yako wewe na yake yeye! Mimi mnaniacha wapi?"

Aligeuka akaenda kwenye pikapu, akamwambia dereva awashe. Baba mdogo akashika mlango wa gari, baba akauondoa mkono wake. Injini ikawaka. Nilijua tumemkosa, na kwamba safari hii hatarudi hata kwa kuzika.

Halafu watu wakasogea pande mbili. Bibi alikuwa anatoka nje. Kwa wiki nyingi hakuwa amesimama kwa miguu yake. Alikuwa ameshikilia ukuta, kisha bega langu, kisha hakushikilia kitu. Hakwenda kwa baba, alikwenda nyuma ya pikapu. Akaweka mkono juu ya jeneza, akalipapasa kutoka kichwani mpaka alipoweza kufika, na kulikuwa bado kumebaki kipande kirefu. Lilikuwa la mninga, limepigwa msasa vizuri.

"Hili la nani?" akauliza. "Mimi siyo mrefu hivi."

Baba alikuwa amefungua mlango wa gari ili ajibu kwa ukali, nadhani. Ndipo akamwona. Alimtazama bibi kuanzia miguu iliyokonda mpaka kitambaa cha kichwani ambacho kilikuwa hakifiki hata ubavu wa gari, na sijui alikuwa anamtafuta mwanamke gani pale.

"Fundi aliniuliza kipimo," akasema. "Nikampa urefu ule niliokuacha nao."

Bibi akamwambia dereva azime gari.